Steringi akifa, na steringi akirudi

Mwezi huu nimepata barua tatu za namna moja: wazazi wanauliza kama filamu fulani ya mashujaa wenye nguvu za ajabu inawafaa watoto wao. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, na wenye hizo nyingine wataniwia radhi.

Swali. Shikamoo Mwalimu. Ni mama wa watoto watatu, naishi Kihonda, Morogoro. Mume wangu alifariki mwezi wa tatu kwa ajali ya barabarani. Mtoto wangu wa mwisho ana miaka 7, yuko darasa la kwanza. Likizo hii ya Desemba tunakwenda kwa shemeji yangu Dar es Salaam. Watoto wake wakubwa, wa miaka 12 na 14, wameshaweka Black Panther kwenye flashi na wanamsubiri mdogo wao waangalie pamoja. Shemeji anasema niache woga, hii ni filamu ya mfalme mweusi, itamtia moyo mtoto asiye na baba. Dukani wameniambia haina matusi wala mambo ya chumbani. Mimi sijawahi kuiona. Mtoto ameanza tena kukojoa kitandani, na alikuwa ameshaacha. Nimruhusu? *Mama Watatu, Morogoro*

Jibu. Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba, na pole kwa kuubeba mwaka huu peke yako.

Usimruhusu. Si likizo hii. Nimetanguliza jibu kwa kuwa safari yenu imekaribia. Sasa nikupe sababu, maana shemeji yako atazitaka, na yeye naye hajakosea kila kitu.

Dukani hawakukudanganya sana. Mambo ya chumbani hayamo. Matusi ni machache na ni ya Kiingereza, na kuna mahali dada wa mfalme anamwonyesha kaka yake kidole kibaya. Marekani waliipa alama ya PG-13, maana yake mzazi awe macho sana kama mtoto hajatimiza miaka 13. Uingereza waliipa 12A: aliye chini ya miaka 12 haingii sinema bila mtu mzima. Waliopima waliangalia ngumi, mikuki na risasi, na kazi yao wanaijua. Lakini hakuna alama inayomwambia mama wa Kihonda kwamba filamu hii inahusu wanaume wawili waliofiwa na baba zao.

Baada ya barua yako niliiangalia upya, dakika zote 134, daftari pajani. Inaanza na sauti ya mtoto anayemwomba baba yake amsimulie habari za nyumbani. T'Challa, ndiye steringi, anarithi kiti kwa sababu baba yake ameuawa. Adui yake, Erik, akiwa mtoto mdogo huko Oakland, Marekani, mwaka 1992, alimkuta baba yake amekufa, kucha za chui zimemwingia kifuani. Ubaya wote anaoufanya ukubwani umeanzia kwenye chumba kile.

Halafu kuna sehemu tulivu, ambayo sisi watu wazima huiona nzuri. T'Challa ananyweshwa dawa, anafukiwa mchanga, anaamka kwenye mbuga yenye mti mkubwa, na baba yake yupo. Anapiga magoti. Anamwambia hayuko tayari kuishi bila yeye. Baba anamjibu kwamba mwanamume ambaye hakuwaandaa watoto wake kwa kifo chake ameshindwa ubaba. Mwanangu, hapo nilisimamisha picha nikatoka nje, nikakaa barazani. Mume wako alitoka asubuhi kama siku zote. Angemwandaa mtoto saa ngapi? Sitaki mwanao ayasikie maneno hayo kutoka kwa mfalme, kisha akalale nayo akimfikiria baba yake.

Na bado hilo si zito kuliko yote. Zito ni lile la maporomoko.

Tuliokulia kwenye picha za mikanda tunaijua kanuni, na watoto wa leo wameirithi: steringi hafi. Atapigwa, atafungwa, atatupwa mtoni, lakini hafi. Katika filamu hii steringi anachomwa, ananyanyuliwa juu na kutupwa kwenye maporomoko ya maji mbele ya mama yake na dada yake, na adui anakalia kiti. Mtoto wa miaka 7 atashtuka, atashika nguo ya aliye karibu naye, na steringi akirudi atatulia, aombe maji ya kunywa. Kwa mtoto wa kawaida mambo yameishia hapo. Kwa mtoto aliyezika, kurudi kule ndiko kunakochoma. Huyu mtu walimlilia. Mama yake aliomboleza. Akakutwa amelala kwenye barafu, hana tofauti na maiti. Wakammiminia dawa ya zambarau kinywani, akaamka, akaomba blanketi.

Hili nimelijua kwa kuliona. Mwaka jana niliwawekea picha hii mjukuu wangu na rafiki yake, binti wa jirani, wote wa miaka 8. Binti yule alikuwa amefiwa na mama yake miezi michache nyuma. Nilijua, hata matanga nilikaa, na bado sikuunganisha. Nilikuwa pale pale nachambua mchele, nimeridhika kuwa wametulia. Kwenye maporomoko mjukuu wangu alinirukia akashika khanga yangu: "Bibi, steringi hafi, eti?" Binti wa jirani hakusema neno. Alikuwa kwenye mkeka, mikono ameikalia, macho hayapepesi.

Kesho yake saa 12 na nusu asubuhi akabisha hodi mlango wa jikoni, amevaa sare, begi mgongoni. Akaniuliza ile dawa ya zambarau inauzwa duka la dawa au mpaka hospitali kubwa. Nikamuuliza anaitakia nini. Akasema si ya mtu, anauliza tu.

Niliepua chai, nikakaa kwenye kigoda ili tuonane uso kwa uso. Nikamwambia dawa hiyo haipo. Si kwamba ni ghali, si kwamba iko nchi ya mbali, haipo popote, wameitunga wenye picha. Na mama harudi. Akasema, "Najua." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama wale wenye picha nao wanajua kwamba haipo. Nikamwambia wanajua. Akaniomba chapati ya njiani, nikamfungia kwenye gazeti, akaenda shule.

Alikuwa anajua, na bado alipita kuuliza. Ndivyo walivyo katika umri huu. Wanakubali kwamba aliyekufa harudi, na mlango wanauacha wazi kidogo, pengine. Mwanao anayekojoa kitandani naona yuko kwenye mlango huo huo. Usimwache aoneshwe mfalme aliyerudi kabla hajazoea kwamba baba yake harudi.

Sasa uliza pia flashi ya hao vijana ina nakala gani, maana nyingi zinazouzwa mtaani ni zilizotafsiriwa. Sina ugomvi na watafsiri. Mtafsiri mzuri ni kama mkubwa aliyekaa pembeni ya mtoto: anamwambia huyu ndiye steringi, huyu mjomba msaliti, subiri utaona. Lakini alama ya PG-13 ilipewa filamu, haikupewa maneno anayoyaongeza mtafsiri. Katika filamu hii kuna mahali Erik anampiga risasi mwanamke aliyekuwa mpenzi wake, ili tu amfikie mtu aliyejificha nyuma yake. Ni tukio baya na filamu haikulichekea. Nilipopita kibanda umiza kimoja wakiionesha, mtafsiri alitupia hapo utani wa michepuko, na chumba kizima kikaangua kicheko, benchi la mbele likiwa limejaa watoto wa shule ya msingi. Damu ile ile, risasi ile ile, lakini mtoto ametoka na somo jingine kabisa. Bodi ya Filamu tunayo, na sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ipo tangu mwaka 1976, ila alama yake humwoni nayo muuza flashi. Anayepima hapo ni wewe na mimi.

Nirudi kwa shemeji yako, kwa sababu ana hoja. Nimefundisha darasa la kwanza na la pili miaka 27, Muheza na Tanga mjini. Nikiwaambia watoto wachore shujaa, walikuwa wananichorea mtu mwenye nywele za kulala na pua ndefu. Watoto weusi, penseli nyeusi, shujaa hafanani na yeyote darasani. Filamu hii ilipotoka, Februari 2018, niliwaona wakikunja mikono kifuani kwenye paredi, kila mtu mfalme. Lupita Nyong'o yumo, na tunamwita wa kwetu. Lugha ya watu wa Wakanda, ile nchi ya kutungwa ya T'Challa, ni Kixhosa, lugha ya watu halisi wa Afrika Kusini. Anayeunda mitambo yote ni msichana. Siku moja mwanao aione, nami ningependa aione na wewe. Akifika miaka 11 au 12, kaa naye, na pale T'Challa anapopiga magoti mbele ya baba yake usikimbilie jikoni. Huenda siku hiyo akakwambia mambo ambayo leo hana maneno yake.

Kwa likizo hii fanya hivi. Wapigie simu wale wakubwa wawili kabla hamjapanda basi. Waambie ukweli: mdogo wenu bado anamsubiri baba, na katika picha hii kuna mtu anafufuka. Kijana wa miaka 14 akipewa siri ya maana anaitunza. Waiangalie usiku mdogo akishalala, na wafunge mlango, kwa sababu sauti za mapigano hupita ukutani na mtoto huunda picha yake mwenyewe, mbaya kuliko ya kwenye runinga. Mwanao usimwambie "wewe mdogo" mbele ya binamu zake. Mwambie hii ni yako na yangu, tutaiona pamoja, na umtajie umri.

Ikitokea umetoka sokoni ukawakuta wameshafika kwenye maporomoko, usizime. Najua mkono utataka kuzima. Ukizima hapo unamwacha na mfalme aliyekufa na adui anayecheka. Kaa naye mpaka mwisho, bega kwa bega, na dawa ya zambarau ikitoka mwambie palepale, kwa sauti ya kawaida: hii wametunga, kwetu haipo.

Utaniuliza basi aangalie shujaa gani. Nilianza kukuandalia orodha nikasita. Superman, wazazi wake walikufa pamoja na sayari yao. Batman, wazazi wake walipigwa risasi akiwaona. Spider-Man ni yatima, na baba yake mkubwa aliyemlea akauawa. Mashujaa hawa karibu wote ni watoto waliofiwa, na sijasikia muuza duka hata mmoja akilitaja hilo. Nikaishia kwenye The Incredibles, katuni ya mwaka 2004: baba, mama na watoto watatu, na mpaka mwisho wote wazima. Kuna mahali pamoja pa kumshika mkono. Ndege yenye mama na watoto inalipuliwa, na baba kwa muda anaamini wamekufa. Mwambie kabla hamjafika hapo kwamba wamepona, wako baharini. Usijali kumharibia utamu. Kwa mtoto wako mwaka huu, kujua mapema ndio utamu wenyewe. Ile ya pili yake, ya mwaka 2018, ina taa za kumulikamulika kwa kasi, na kumbi za sinema ziliwekewa tangazo la kuwaonya wenye kifafa. Mwenye mtoto wa kifafa asiiweke.

Mpe salamu zangu, na shuka za akiba beba mbili, uziweke wewe mwenyewe kwenye begi lako, binamu zake wasizione.

Swali. Mwalimu, mwanangu wa miaka 4 alijifunga leso ya mamake shingoni akaruka kutoka juu ya meza, akapasuka kidevu, nyuzi tatu. Nimepiga marufuku katuni zote nyumbani. Mke wangu asema nimezidi. *Baba Mkali, Likoni*

Jibu. Pole kwa mtoto, na nyote wawili mna haki.

Cha kwanza ni hiyo leso, kabla hata ya katuni. Kidevu kimeshonwa na kitapona. Leso iliyofungwa fundo shingoni, mtoto akiruka ikanasa kwenye kitasa au chuma cha dirisha, ni habari nyingine. Mwambie mamake aibane mabegani kwa vibanio vya nguo, kimoja kila upande, ili ikivutwa itoke. Mtoto wa miaka 4 ataruka tu, hata ukimzimia umeme wa nyumba nzima, kwa hiyo muwekee godoro chini na umwoneshe wapi ataruka.

Katuni usizifute zote. Futa zile ambazo mtu anaanguka kutoka ghorofani, anapiga chini, anainuka anajipangusa vumbi. Hizo ndizo zilizomfundisha mwanao kwamba sakafu haiumi. Watu wazima tunaogopa damu kwenye picha, na damu kweli si ya watoto, lakini kipigo kisicho na maumivu yoyote nacho ni uongo, na mtoto wa miaka 4 hujifunza uongo huo kwa mwili wake. Ninyi Kenya mna bahati ya alama zilizo wazi: GE ni ya kila mtu, PG inataka mzazi, kisha 16 na 18. Kwa umri wake kaa kwenye GE. Wazazi wengi huisoma PG kama ruhusa. Irudie kuisoma: inasema mzazi awepo, na kuwepo ni kukaa kwenye kiti.

Na mwoneshe kile kidevu kwenye kioo. Mwulize yule wa kwenye katuni alishonwa nyuzi ngapi.

Swali. Mwalimu wangu, naishi Leicester na wanangu wa miaka 13 na 10. Dada yangu yuko Marekani, mwanawe wa miaka 13 aliipeleka familia nzima kuona The Batman ya 2022, kule ni PG-13. Huku kwetu ni 15, wangu walikatazwa mlangoni. Sasa ipo nyumbani kwenye runinga na wananiambia serikali ya huku ina woga. Nani mkweli? *Mwana wa Tanga ughaibuni*

Jibu. Tanga oyee, mwanangu.

Wote wakweli, ngazi zao ndizo tofauti. Marekani, ukitoka PG-13 unapanda moja kwa moja kwenye R, ambayo aliye chini ya miaka 17 haingii bila mtu mzima. Katikati hapana kitu. Hata hiyo PG-13 yenyewe haikuwepo mpaka mwaka 1984, baada ya wazazi kulalamika kwamba picha zenye alama ya PG zinawatisha watoto. Huko kwenu Uingereza kuna 12A, kuna 15, kuna 18. Filamu nzito kuliko 12 ina mahali pa kukaa. Kwa hiyo filamu ile ile ikipelekwa Marekani husukumwa chini au juu, na mtengeneza filamu hupenda isukumwe chini, maana watoto ndio wanaojaza kumbi.

Na ukiiangalia utaona kwa nini Waingereza waliipandisha. Hiyo ni picha ya upelelezi wa mauaji, urefu wake saa tatu kasoro dakika chache, giza tupu. Muuaji anamvamia mtu nyumbani kwake, anampiga mpaka afe, anamzungushia utepe wa gundi kichwani. Aliyemkuta ni mwanawe mdogo. Unaona imenirudisha kwenye barua ya Morogoro.

Wa miaka 10, hapana, na usijadiliane naye. Wa miaka 13 ndiye wa kufikiriwa, kwa sababu wewe unamjua na bodi haimjui. Iangalie kwanza peke yako, watoto wakiwa shule, mchana, mapazia wazi. Ukiona anaiweza, iangalieni wawili tu siku mdogo wake hayupo nyumbani. Na hilo la serikali kuwa na woga, mwambie hao waliotoa alama waliiangalia mpaka mwisho, yeye bado.